Bati Linang'aa, Ndoo Bado Iko Kichwani

Msimu wa korosho ukienda vizuri, Masasi na Newala husomwa kwa mapaa yao. Viongozi wakipita na msafara huyataja jukwaani, wapiga picha huyalenga, na majirani huyahesabu kimyakimya: nyumba ya fulani mwaka jana ilikuwa ya nyasi, leo ina bati, ya mwenzake ilikuwa na bati la kawaida, leo imevikwa bati la rangi, lile la msauzi. Kuanzia Mkomaindo, ilipo hospitali ya mji wa Masasi, hadi Newala ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, bati limekuwa cheti cha maendeleo ambacho kila mtu anajua kukisoma. Serikali nayo hukisoma hivyo hivyo: sensa ya 2012 na ile ya 2022 zote ziliuliza nyumba imeezekwa kwa nini. Sibishi kwamba bati ni alama. Ninachobisha ni mahali tunapoacha kusoma. Juu ya uwanda usio na mto wala kijito, mabadiliko ya kweli yapo kwenye vitu viwili ambavyo mpita njia havioni: gata inayofungwa chini ya ukingo wa paa, na kisima kinachochimbwa uani ili kupokea maji yake. Paa lisilo na viwili hivyo limemsitiri mwenye nyumba na mvua, lakini asubuhi ya mkewe na binti yake imebaki ilivyokuwa.

Asiyeujua uwanda wa Makonde anaweza kudhani hapa natia chumvi, kwa hiyo ni vyema kuanza na ardhi yenyewe. Uwanda umeinuka mamia ya mita juu ya mabonde yanayouzunguka, na udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote inayoushukia. Maji hupenya hadi chini kabisa, kisha hutokea kama chemchemi kwenye miteremko na mabondeni. Kwa vizazi vingi, kuishi juu kulimaanisha kushuka genge na vyombo vitupu na kulipanda tena vikiwa vimejaa. Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906 na kuchapisha kitabu cha safari yake mwaka 1908, alistaajabu kuona watu wamechagua kujenga mbali na maji kiasi hicho. Wenyewe walikuwa na sababu zao. Juu kulikuwa na vichaka vizito vilivyowakinga na wavamizi na wateka watumwa, katika miaka ambayo hata misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, iliteketezwa na wavamizi wa Kingoni mwaka 1882. Simulizi la asili la Wamakonde pia huonya dhidi ya kujenga karibu na maji ya mabondeni, kwa kuwa huko ndiko maradhi yalikokuwa yakiwapata watoto. Waliopanda juu walinunua usalama na afya, na bei ya ununuzi huo ililipwa na wanawake, kwa shingo zao, kila siku. Hakuna alama ya mabadiliko katika nchi hiyo yenye haki ya kusomwa bila kuulizwa kama imepunguza bei hiyo.

Kusini ina historia ndefu ya kupewa alama na kunyang'anywa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Ili karanga zitoke, bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara na reli ikatandikwa kuelekea bara. Mpango wenyewe ulikufa mwaka 1951, reli ikabaki, na mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi lake likafika Masasi. Kwa mtu wa wakati huo, mluzi wa garimoshi ulikuwa uthibitisho usio na shaka kwamba Kusini imeingia katika dunia mpya. Mwaka 1962 reli ikafungwa, halafu vyuma vyake vikang'olewa. Mizigo ilikuwa haitoshi kuilipia. Waliosoma mluzi ule kama mabadiliko hawakuwa wajinga. Walisoma kitu kilichokuwepo kweli. Ila hakuna aliyeuliza reli imesimama juu ya nini, na ilikuwa imesimama juu ya zao ambalo halikuota.

Mkorosho wenyewe ulipitia hali hiyo hiyo, na hapa hadithi inauma zaidi kwa sababu zao hili liliota na kustawi. Mti uliofika pwani ya mashariki ya Afrika kwa mikono ya Wareno ukawa, kufikia katikati ya karne iliyopita, uchumi mzima wa Newala, Masasi na Mtwara. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho ghafi, ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Shamba la mikorosho lilikuwa alama ya mtu aliyejipanga. Kisha ukaja uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka hiyo hiyo ya 1970, na wakulima wengi wakajikuta mbali na miti yao. Bei ya mkulima ilibanwa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Miti ilikuwa bado imesimama palepale porini. Mpita njia angeiona na kusema huku kuna utajiri, kumbe waliobaki na miti hiyo walikuwa wanarudi kula mihogo mitupu. Alama inaweza kudumu kwa macho muda mrefu baada ya maana yake kuondoka.

Mfano wa tatu unagusa maji moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finland ilifadhili miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi: visima vifupi vyenye pampu za mkono mabondeni, na mitambo ya kusukuma maji kupandisha juu uwandani. Ilikuwa kazi kubwa, na sehemu yake bado inanywesha watu mpaka leo. Hata hivyo pampu ya mkono ilihesabiwa siku ilipozinduliwa, na hakuna aliyeihesabu siku spea ilipokosekana. Kijiji kiliandikwa katika orodha ya vijiji vyenye maji, na mama wa kijiji hicho akaendelea kupita mbele ya pampu iliyoshika kutu akielekea kwenye chemchemi ya bibi yake.

Nikiziweka reli, mikorosho na pampu pamoja, naona kosa moja likijirudia. Tunapenda alama zinazoonekana kutoka barabarani. Garimoshi, shamba, pampu iliyopakwa rangi, bati linalong'aa: vyote hivi vinaweza kuonwa na mtu ambaye hakushuka kwenye gari. Lakini badiliko la maisha hukaa nyuma ya nyumba, jikoni, uani na chooni, kwenye saa za mchana za watu ambao hawaitwi jukwaani. Kwa hiyo kitu cha kawaida nakihoji kwa maswali mawili kabla ya kukipa heshima ya kuitwa alama ya mabadiliko. La kwanza: kimeondoa kazi gani kwenye siku ya nani? La pili: msimu mbaya ukija, kitaendelea kuiondoa? Pikipiki inayonunuliwa Novemba na kurudi sokoni kwa hasara Februari, miezi ya njaa inapobana, inaanguka kwenye swali la pili. Bati peke yake hulipita la pili kwa urahisi, kwani hudumu miaka mingi. Kwenye la kwanza linajikwaa.

Hapo ndipo gata na kisima vinapoingia, na hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la sita. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Katika mwaka wa kawaida ukanda huu hupata mvua ya milimita 900 hivi, pengine zaidi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Chukua nyumba ya kawaida ya bati yenye paa la mita za mraba 50. Kwa mwaka paa hilo hupokea lita 45,000. Toa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayovuja na yanayomwagwa kuosha vumbi, zinabaki lita 36,000, yaani ndoo 1,800 za lita 20. Familia inayotumia ndoo tano kwa siku ingehitaji siku 360 kuzimaliza. Maji ya mwaka mzima yanapita juu ya kichwa cha mama aliyelala, yanadondoka kwenye ukingo wa paa, yanachimba mtaro kwenye msingi wa nyumba na kupotelea mchangani, halafu asubuhi mama huyo anachukua ndoo na kata yake anakwenda kuyatafuta bondeni.

Najua maji yote hayo hayawezi kuhifadhiwa, na sitaki msomaji adhani nauza ndoto. Kisima kinachoweza kuchimbwa na kusakafiwa na mafundi wa kijijini, tuseme cha mita mbili kwa mbili na nusu na kina cha mita mbili, kinabeba lita 10,000. Hizo ni ndoo 500. Kiangazi cha huku huanza Mei na kwenda hadi Novemba, zaidi ya siku 200. Kwa ndoo tano kwa siku, kisima kilichojaa mwishoni mwa Aprili kitakauka mapema Agosti. Kwa ndoo tatu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, kitafika katikati ya Oktoba. Bado kuna wiki ngumu zinazobaki. Hata hivyo ndoo 500 ni safari 500 ambazo hazikufanywa kwa miguu, au ni ndoo 500 ambazo hazikununuliwa kwa mwenye toroli katika miezi ambayo bei yake hupanda. Na wakati wa mvua, kisima kinapojazwa upya kila wiki, safari za kwenda bondeni zinaweza kukoma kabisa kwa miezi mitano, ile ile ambayo shamba linadai mikono yote.

Jambo hili wala halikuletwa na mgeni yeyote. Visima vya kuvuna maji ya mapaa vimo Newala na Tandahimba tangu zamani, na wako wazee wanaochukulia kwamba nyumba isiyo na kisima haijakamilika. Ndiyo maana nashangaa kuona kwamba katika misimu ya fedha nyingi, bati hukimbia mbele na kisima hubaki nyuma. Msimu wa 2017/18 bei ya korosho ghafi ilifika hadi shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada, na mapaa ya nyasi yakaanguka kwa wingi. Msimu uliofuata ukawa wa maumivu: wanunuzi walitoa bei ya chini, Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, jeshi likaingia kuzisomba, na uhakiki wa mashamba uliokusudiwa kuwanasa walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, ukachelewesha malipo ya wakulima wengi halali. Katika miezi ile ya kusubiri, bati halikumpa mtu chakula wala maji. Mwenye kisima kilichojaa alikuwa angalau na kitu kimoja ambacho hakikuhitaji kusubiri benki. Msimu wa 2024/25 bei ilipanda tena. Minada yake ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000. Fedha ilirudi, na swali la ununuzi gani unastahili kuitwa maendeleo likarudi nayo.

Wapo watakaosema namdharau mtu aliyehangaika miaka ishirini kununua bati. Hapana. Nyasi zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, zinavuja, zinashika moto, zinaficha nyoka na panya, na kukata nyasi za kuezekea kumekuwa kugumu kadiri mapori yanavyogeuzwa mashamba. Mtu anayeondoka kwenye nyasi amepiga hatua ya kweli, na ana haki ya kuona fahari nayo. Tena bati ni sharti la kila ninachokisema, kwa sababu maji ya paa la nyasi hayafai kuvunwa. Lalamiko langu ni kwamba safari inaachwa ikiwa imebaki robo. Mwenye nyumba ameshalipa kilicho ghali zaidi: mbao za kenchi, misumari, bati zenyewe na fundi. Gata ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Kisima kinagharimu zaidi, hasa saruji, lakini kuchimba kunaweza kufanywa na nguvu za nyumbani wakati wa kiangazi, na tangi la plastiki la lita 1,000 ni mwanzo kwa asiyeweza kisima. Anayebadilisha bati zima kwa la rangi kabla ya kufunga gata anafanya uchaguzi, na uchaguzi huo tunaruhusiwa kuujadili hadharani, kwani sisi majirani na viongozi ndio tunaoushangilia.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Maji ni wajibu wa serikali, wanasema, na kumwambia mwananchi achimbe kisima ni kuwapa watawala mlango wa kutokea. Hoja hii naiheshimu. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani ni ya serikali yenyewe, na ni halali kuibana kwayo. Ipo mamlaka ya maji ya Makonde, inayosukuma maji kutoka Mitema kupandisha uwandani kwa ajili ya Newala, Tandahimba na maeneo jirani. Ipo MANAWASA, inayopeleka maji ya chanzo cha Mbwinji hadi Masasi na Nachingwea. Na tangu 2019 upo wakala wa RUWASA kwa vijiji. Taasisi hizi zinapaswa kubanwa kila siku. Lakini tuangalie jinsi mradi wa Makonde unavyofanya kazi. Maji yako chini, watu wako juu. Kila lita inayofika bombani Newala imepandishwa kwa nguvu ya mashine. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Mtambo ukiharibika, wilaya mbili zinaona kiu kwa pamoja. Bomba la zamani likipasuka, maji yaliyogharimu umeme mwingi yanamwagika kabla ya kufika. Mhandisi yeyote mwenye busara, hata mwenye bajeti kamili, angependa kila nyumba ya uwandani iwe na akiba ya wiki kadhaa. Kisima cha paa hakichukui nafasi ya bomba. Kinamfanya mwananchi aweze kuidai serikali huku watoto wake wamekunywa, na mtu wa namna hiyo hudai kwa sauti kubwa kuliko anayelazimika kwanza kwenda bondeni.

Wanaotaka kuibana serikali nawapa hapa kitu cha kuibania. Majengo yenye mapaa makubwa kuliko yote vijijini ni ya umma au ya ushirika: madarasa, zahanati, ofisi za kata, na maghala ya korosho ya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS). Ghala lenye paa la mita za mraba 400, kwa mvua ile ile ya milimita 900 na kwa kutoa moja ya tano, linaweza kuvuna lita 288,000 kwa mwaka, ndoo 14,400. Zipo shule ambako wanafunzi bado wanatakiwa waje na maji kutoka nyumbani, na wanaobeba ni wasichana zaidi, ilhali mvua ya Januari inapiga kelele juu ya bati la darasa hadi mwalimu hasikiki. Zahanati inayozalisha akina mama haiwezi kukaa bila maji hata saa moja. Kuanzia msimu wa 2007/08, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara, korosho zimekuwa zikipita kwenye maghala, na kila kilo huacha makato kadhaa kwa chama cha msingi, kwa chama kikuu cha ushirika cha MAMCU au TANECU, na kwa halmashauri. Wakulima wamekuwa wakiuliza kwa miaka makato haya yanarudi kwao kwa sura gani. Gata na tangi kwenye kila ghala na kila shule ya kijiji ingekuwa sura inayoeleweka bila kusomewa taarifa ya fedha.

Hilo pia linamjibu anayeuliza kuhusu wasio na bati kabisa. Wapo: wajane, wazee waliobaki na wajukuu, vijana wasio na miti. Mjadala unaoishia kwenye mapaa ya watu binafsi unawaacha nje, na ungekuwa mjadala wa walionacho. Ghala ni la wanachama, shule ni ya kijiji, na maji yake yanaweza kugawiwa kwa utaratibu unaomfikia hata asiye na paa lake. Kusema kweli, kama ningelazimishwa kuchagua kati ya visima kumi vya nyumba na kisima kimoja kikubwa cha shule, ningeanza na shule.

Afya nayo ina neno, na Mkomaindo ndipo neno hilo linapoishia, kwani wagonjwa wa kuhara na wa malaria huletwa huko. Kisima kilicho wazi ni kitalu cha mbu, na ni hatari kwa watoto wanaocheza uani. Kisima lazima kifunikwe kwa zege au mfuniko wenye kufuli, mdomo wa bomba uzibwe kwa wavu, na maji ya mvua ya kwanza, yaliyobeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege, yaelekezwe nje kabla ya kuruhusiwa kuingia. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Haya yote ni mambo ambayo mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuyafundisha kwa mchana mmoja. Ni kweli kwamba kisima kibaya huleta ugonjwa. Ni kweli zaidi kwamba ndoo moja ya kunawa, kuogesha mtoto, kuosha vyombo na kupikia, inayonyooshwa kwa sababu bondeni ni mbali, huleta ugonjwa mwingi kuliko huo.

Kwa nini basi jambo rahisi hivi linachelewa? Sababu moja nadhani ni nani anapokea fedha na nani anabeba ndoo. Malipo ya korosho mara nyingi huingia kwa jina la baba, na hata katika jamii hizi za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, mti wa biashara umekuwa wa mwanamume zaidi. Anayeamua kinunuliwe nini hajui uzito wa ndoo wakati wa kupanda genge. Bati linamletea sifa kwa wanaume wenzake. Gata inamletea mkewe saa tatu za mchana, na saa hizo hakuna anayezihesabu. Sikusudii kuwatukana wanaume wa Kusini, ambao wengi wao wanafanya kazi ngumu ya kupalilia, kupuliza salfa na kuokota. Nasema tu kwamba kitu kisichoingia kwenye hesabu ya mwamuzi hakinunuliwi, na njia ya kukiingiza ni kukiongelea: kwenye mikutano ya AMCOS, kwenye vikao vya familia kabla ya mnada wa kwanza, kwenye mahubiri ya Ijumaa na Jumapili. Sababu ya pili ni sifa zenyewe. Tukiendelea kusema kijiji fulani kimeendelea kwa sababu kina bati, watu wataendelea kutuletea bati. Tukianza kuuliza kina visima vingapi vyenye maji mwezi wa Agosti, watatuletea visima.

Wanaotunga madodoso ya serikali wangeweza kusaidia hapa kwa gharama ndogo mno. Dodoso linalouliza ezeko la nyumba liongezewe swali moja: maji ya paa hili yanakwenda wapi? Halmashauri za Masasi na Newala hazihitaji kusubiri sensa nyingine. Maofisa watendaji wa vijiji wanaweza kuandika idadi hiyo ndani ya mwezi mmoja, na diwani akaisoma kwenye baraza pale anaposifu ongezeko la nyumba bora. Vibali vya ujenzi wa majengo ya umma vinaweza kukataliwa kama ramani haina gata na tangi. Halmashauri inayojenga darasa jipya bila hivyo inajenga tatizo la maji na kulipa jina la elimu.

Kalenda yenyewe iko upande wetu. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na mvua za kwanza huja mwishoni mwa Novemba au Desemba. Kusini hupata fedha yake ya mwaka wiki chache tu kabla ya kupata maji yake ya mwaka. Shimo linalochimbwa Septemba, udongo ukiwa mkavu, linaweza kusakafiwa kwa saruji ya malipo ya mnada wa kwanza, na gata ikafungwa kwa malipo ya mnada wa pili. Vyama vya msingi vilivyowahi kukopesha salfa kwa wanachama na kukata deni ghalani vinaweza kukopesha saruji na gata kwa utaratibu huo huo. Mikutano mikuu inayopanga msimu ndiyo ya kulipitisha azimio hilo, na wanawake wanachama ndio wanaopaswa kupewa nafasi ya kwanza kulizungumzia.